Kampuni tatu zimeniita na leseni yangu ya CE bado mpya. Niulize nini kabla ya kusaini?

ChaaniCE
Assalam aleikum. Leseni ya CE, ile ya lori la trela, ninayo, cheti cha tabia njema cha DCI kiko, pasi ya bandari bado. Kampuni tatu za hapa Mombasa zimenipa jibu na lazima nishike moja. Majina sitayataja.

A: kazi ya mjini. Kutoa kontena bandari ya Kilindini kupeleka CFS (yadi za kontena nje ya bandari) za Changamwe, Mikindani na Miritini. Mshahara 38,000, na 150 kwa kila kontena.

B: transiti ya Kampala, yaani mzigo unaopita Kenya kwenda nchi nyingine. Mshahara 24,000, posho 15,000 kwa tripu. Wanasema tripu tatu kwa mwezi, yaani 69,000.

C: tajiri mmoja ana magari manne. Mshahara hakuna, ni 20,000 kwa tripu ya Nairobi kwenda na kurudi, M-Pesa ukishafika.

Hesabu yangu inanivuta B. Wanaoijua kazi, kuna kitu sikioni?

Twistiloki
Waleikum salaam. Hiyo 69,000 igeuze siku kwanza ndipo uipende.

Mombasa hadi Kampala ni kama kilomita 1,170. Gari iliyobeba tani 28, ukitia milima, matuta, mizani na foleni za mijini, wastani wake ni kilomita 45 kwa saa. Hizo ni saa 26 za usukani, kwenda tu. Sheria ya Trafiki, kifungu 66A, inasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya jumla ya saa 8 ndani ya saa 24. Basi kwenda ni siku nne. Kurudi na kontena tupu ni siku tatu. Tia siku ya kupakia, siku ya Malaba mpakani, siku moja na nusu au mbili za kushusha Kampala. Hapo ushafika siku 11. Tripu tatu ni siku 33, na mwezi una 30.

Kwa hiyo hesabu ya haki ya B ni tripu mbili: 24,000 na 30,000, jumla 54,000. Sasa ile posho ya 15,000 igawe kwa siku 11: kama 1,360 kwa siku. Humo mna chakula chako, maegesho ya usiku, maji ya kuoga, na pengine chakula cha taniboi, msaidizi wako garini, ikiwa kampuni haimlipi kando. Uliza hilo la taniboi wazi wazi. Wengi hudhani ni la kampuni, kumbe limo humo humo.

Swali la kwanza kwa B ni hili: posho ni ya tripu au ya siku? Ikiwa ni ya tripu, foleni ya Malaba ni gharama yako. Foleni ile ikikasirika hurudi nyuma kilomita nyingi upande wa Bungoma, na kila usiku unaolala humo 15,000 ni ile ile.

MzeeWaMariakani
Kijana, hilo la saa 8 ligeuze uwe mtihani wa kumpima tajiri. Muulize C hivi, kwa upole: "Gari ikitoka Miritini saa kumi na mbili jioni, mwataka ifike Nairobi saa ngapi?"

Nairobi ni kama kilomita 485. Kwa mwendo wa 45 ni karibu saa 11 za usukani. Akikujibu "alfajiri iwe Mlolongo", amekwambia kwa mdomo wake kuwa kazi yake ni ya kuvunja sheria kila usiku, na kosa ni lako uliyeshika usukani. Akikujibu "utalala Mtito, uendelee asubuhi", huyo anajua gari na anajua mwanadamu.

Gavana ya mwendo ni kilomita 80 kwa saa kwa magari haya. Hakuna kasi ya kufidia muda uliopotea kwenye mizani ya Mariakani. Anayekupangia ratiba kana kwamba ipo, atakuja kukwambia uguse waya za gavana.

BiKarani
Nafanya hesabu za madereva kwa hivyo nitasema la ofisini. Kwanza mshahara wa B. Amri ya mishahara ya kima cha chini inamtaja dereva wa gari zito la biashara katika madaraja ya juu, pamoja na keshia, na Mombasa iko kundi moja na Nairobi na Kisumu. Kima kilipandishwa asilimia 6 kuanzia 1 Novemba 2024. 24,000 iko chini yake. Posho ya safari si mshahara, ni pesa ya kula barabarani. Wakikwambia "jumlisha na posho", wamekuchanganyia mifuko miwili. Jedwali lenyewe lipo ofisi ya leba, liangalie.

Pili, makato. NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 6 na mwajiri anatia 6 yake. SHIF, bima ya afya, 2.75. Tozo ya nyumba 1.5 na mwajiri 1.5. Kwa 38,000 ya A ni 2,280 + 1,045 + 570 = 3,895, halafu kodi ya PAYE. Ikiwa B atakulipa bila makato, usifurahi. Maana yake hukuandikishwa popote, na siku unalazwa hospitalini ndipo unapogundua.

Tatu, na hapa ndipo madereva wapya humalizwa: MAFUTA. Umeandika maslahi yote na mafuta hukuyataja hata mara moja.

Kila kampuni ina lita zake za tripu. Ukipita, unakatwa. Tufanye mfano wa Kampala. Kwenda na mzigo kwa kilomita 2.2 kwa lita: 1,170 gawa 2.2 ni lita 532. Kurudi mtupu kwa kilomita 3 kwa lita: lita 390. Jumla 922. Sasa ofisi ikuandikie lita 850 kwa sababu mtu aliona namba hiyo inapendeza. Umepungukiwa lita 72. Tuseme lita ni 170: ni 12,240. Katika ile posho yako ya 15,000 umebaki na 2,760 kwa siku 11. Hukuiba hata kijiko kimoja cha dizeli.

Kwa hiyo uliza haya, na uandike majibu:

Je, kipimo ni kwa kila gari na kila uzito, au ni namba moja kwa yadi nzima? Actros mpya na gari iliyokula miaka 15 hazinywi sawa. Tani 20 na tani 28 hazinywi sawa.

Je, muda wa foleni unahesabiwa? Injini ikinguruma imesimama inakula kama lita 2 hadi 3 kwa saa. Foleni ya kusukumana ya saa kumi ni lita 20 hadi 30, hujasogea kilomita tano.

Je, kinachopima ni nini? Kuna kifaa ndani ya tangi, kuna kadi ya kituo, kuna kijiti. Kilicho bora kwa dereva ni kujaza hadi shingoni wakati wa kutoka na hadi shingoni wakati wa kurudi, pampu ile ile.

Na siku ya kwanza ya kujaza, gari iwe pahali tambarare. Ikiinama upande mmoja tangi hudanganya. Pampu ikijikata, subiri povu lishuke, ongeza tena, subiri, ongeza. Povu la dizeli laweza kukuficha lita kadhaa, na hizo zitahesabiwa zako ukirudi. Piga picha ya pampu na ya kilomita kwenye dashibodi, simu ile ile, dakika ile ile.

ChaaniCE
Bi, shukran. Hapo kwa mafuta nilikuwa nimelala kabisa. Wenyewe B walisema tu "mafuta ya kampuni", nikaona ndiyo raha.

FundiBreki
Na hayo mafuta aliyoyaeleza Bi ndiyo huleta maiti. Lita zikibana, dereva anaanza kuweka "fri" kwenye mteremko: anatoa gia, gari inateleza yenyewe, anadhani anaokoa. Salgaa na Sachangwan imekula watu kwa mchezo huo.

Haiokoi hata hicho kinachotafutwa. Kwenye injini za kisasa, ukiwa ndani ya gia na umeondoa mguu kwenye mafuta, kompyuta inafunga sindano, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ulaji ni sifuri. Ukitoa gia, injini lazima ijizungushe yenyewe isizime, basi inakula zile lita 2 au 3 za kwa saa. Umelipa mafuta ili upoteze breki ya injini.

Kisha kinachofuata ni hivi. Bila gia, tani 50 zote zimeegemea breki za miguu. Ngoma ya breki inapata moto na kupanuka, inaikimbia laini, ile bitana inayoibana. Mkono wa breki unatembea mbali zaidi kabla haujabana. Laini nayo ikipata moto sana inang'aa kama kioo na kuteleza. Dereva anasikia harufu, anakanyaga zaidi, hewa inashuka kwenye geji. Hapo anakumbuka gia. Haingii: gari iko 90 na gia ya kasi hiyo haikubaliani na injini inayozunguka polepole. Kilichobaki ni Mungu.

Kampuni yenye lita za kubana sana inakununulia mteremko huo. Mimi hilo pekee lingenitosha kuikataa.

SteringiMoto
Mnamtisha mtoto wa watu. Hapa Mombasa nani anapewa nafasi ya kuuliza maswali kumi na tano? Ukiuliza mkataba unaambiwa "wenzako wako nje ya geti". Kijana, ingia kazini upate uzoefu, mengine baadaye.

HakiKazini
SteringiMoto, kweli kuna geti na kuna watu nje yake. Lakini kuna maswali ya kuuliza kwa mdomo na kuna mambo ya kujiwekea kimyakimya. Tuyatenganishe.

Sheria ya Ajira ya 2007 inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na kuandika ni wajibu wa mwajiri. Muda wa majaribio usizidi miezi 6, na hauwezi kuongezwa bila wewe kukubali. Likizo ni siku 21 za kazi kwa mwaka. Tajiri kama C anayelipa kwa tripu hudhani amekwepa yote hayo. Hajakwepa. Kifungu cha 37: ukifanya kazi mfululizo siku zisizopungua mwezi mmoja, au kazi ambayo kwa jumla ni ya miezi mitatu au zaidi, wewe si kibarua tena mbele ya sheria.

Akikataa kuandika, ushahidi ujitengenezee. Ujumbe wa WhatsApp unaokupa namba ya kontena na saa ya kupakia, usiufute. M-Pesa inayoingia toka kwake, hiyo ni risiti. Karatasi za kutoka geti la bandari zenye jina lako na namba ya gari, zipige picha zote. Intachenji, ile karatasi ya kurudisha kontena tupu, pia. Madai ya kazi yana miaka mitatu kabla hayajafa, na Mombasa ina Mahakama ya Ajira.

Sasa makato ya hasara, hapa usikilize vizuri. Kifungu cha 19 kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa *kosa la makusudi* la mfanyakazi. Tairi lililopasuka Taru kwa joto si makusudi. Kioo kilichopigwa jiwe si makusudi. Na makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kupita theluthi mbili ya mshahara. Kwenye mkataba ukiona sentensi kama "dereva atawajibika kwa hasara yoyote ya gari na mzigo", uulize pale pale: gari ina bima, mzigo una bima, hiyo bima ni ya nani basi?

Halafu bima yako wewe. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, inamlazimu mwajiri akukatie bima. Uliza jina la kampuni ya bima tu. Mwenye nayo hutaja papo hapo. Asiye nayo huanza hotuba.

SteringiMoto
Hilo la kuweka picha nakubali. Ongezeni hili basi: asimpe mtu leseni wala kitambulisho "wakae nacho ofisini". Nakala watoe, asili ibaki mfukoni mwake. Na anayeomba pesa ya "usajili wa dereva" au "mafuta ya mtihani" si kampuni, ni mvuvi.

FundiBreki
Nirudi kwa gari yenyewe. Mkataba waweza kusema uongo. Yadi haiwezi.

ChaaniCE
Fundi, mtu mpya atakubaliwa kweli kukagua gari za watu?

FundiBreki
Usijifanye mnunuzi. Siku ya mtihani wa barabarani ukaguzi wa kabla ya safari ni sehemu ya mtihani, na mpimaji anayejua kazi atakuona dereva. Akikupigia kelele "panda twende", jibu ushapata.

Anza na hewa. Washa, ijaze hadi geji isimame, kwa gari nyingi ni kama bar 8 au zaidi kidogo. Zima injini, kanyaga breki ushikilie dakika nzima. Isishuke zaidi ya robo ya bar hivi. Ikishuka mbele ya macho yako, kuna hosi au dayaframu inavuja, na kwa kuwa wewe si wa kwanza kukaa hapo, wanajua. Vuta vali za chini ya matangi ya hewa: maji kidogo si ajabu kwa unyevu wetu wa pwani, lakini yakitoka maji meusi yenye oili, kompresa imechoka na hakuna anayemwaga matangi.

Tairi. Usitazame upya wake, tazama jinsi lilivyoliwa. Bega moja limeliwa: usawa wa magurudumu. Mashimo mashimo kama vikombe: shokamzoba. Tairi mbili za pamoja, moja ndefu moja fupi: ndefu inabeba mzigo wote peke yake, inapata moto, inapasuka, na fupi inafuata. Tairi la kuvikwa mpira upya mbele kwenye usukani, hapo shuka uende nyumbani. Pima kwa geji. Nyingi za 315/80 zikiwa na mzigo mzito zinataka karibu psi 120. Kupiga teke si kupima.

Trela. Kwenye skeletoni, trela ya fremu tupu ya kubeba kontena, geuza twistiloki (kufuli za kona za kontena) kwa mkono. Zikiwa zimeganda kwa kutu ya chumvi, kontena huwa linakaa kwa uzito wake tu, hadi kona ya kwanza. Kingipini, ile pini ya kuunga trela na kichwa: baada ya kuunganisha, miguu ya trela ikiwa imeinuka kidogo tu kutoka ardhini, ingiza gia ndogo uvute kidogo huku breki ya trela imeshika. Isiachie. Kisha shuka uangalie kwa macho na tochi kuwa hakuna mwanga kati ya bamba la trela na kiti chake. Ndipo unyanyue miguu kabisa, uunge waya na hosi ukague taa.

La mwisho uliza kitabu cha kasoro. Yadi nzuri ina daftari au fomu ambayo dereva anaandika "breki ya kushoto nyuma inavuta" na fundi anasaini tarehe aliyotengeneza. Soma kurasa tatu tu. Kasoro ile ile imeandikwa mara nne na saini ya fundi hakuna? Hiyo ndiyo kampuni.

Mpakani
Wote mmemwacha B nusu. Transiti si kilomita peke yake, ni karatasi.

Gari iwe na leseni ya mizigo ya transiti kutoka KRA, ya mwaka huu. Kadi za manjano ni mbili na wapya huzichanganya: ya COMESA ni bima ya gari nje ya nchi, juu ya kampuni, ya chanjo ya homa ya manjano ni yako mwilini. Kuvuka Uganda na Rwanda kwa Mkenya kitambulisho kinatosha, lakini kampuni ikikwambia leo Kampala kesho Juba, pasipoti iwe tayari.

Sili ya kielektroniki, ile ya RECTS, mfumo wa kufuatilia mizigo. Ikishafungwa, gari inaonekana na mamlaka za kodi Mombasa hadi mwisho wa safari. Ukitoka njia iliyoidhinishwa, ukikaa pahali pasipo pa kusimama, sili ikiguswa, kengele inalia kwao na timu inakuja. Watamkuta dereva. Meneja wa usafirishaji atakuwa ofisini na simu imezima. Ndiyo maana uliza B: nikiharibikiwa na gari usiku na sili iko mlangoni, namba gani nampigia, na huyo mtu huamka? Na ukiambiwa siku yoyote "pitia pale, dakika kumi tu, kuna mtu wa kuonana naye", mzigo ni wa transiti, dakika kumi hizo ni kesi yako.

Kontena tupu pia. Inarudi depo iliyoandikwa na wakala wa meli, siyo yoyote iliyo karibu. Siku za bure zikiisha, meli inatoza. Kampuni nyingine humtupia dereva deni hilo kwa "kuchelewa". Uliza kabla.

Twistiloki
Na mizani, maana hapo hata A na C wamo.

Ekseli sita ni tani 50: 8 mbele, 18 za pamoja mbili, 24 za trela tatu. Ekseli saba ni 56. Kichwa kama tani 9, trela 7, kontena ya futi 40 yenyewe karibu 4. Zimebaki 30 za mzigo na hiyo ni bila utani wowote wa karatasi.

Kinachomshinda mpya ni kuwa jumla yaweza kuwa chini ya 50 na bado ukafeli. Mfano, kontena moja ya futi 20 yenye tani 26. Kreni akiiweka nyuma kabisa ya skeletoni ya futi 40, ili milango ifunguke kwa urahisi kwenye ghala, ekseli tatu za trela zinapita 24. Akiiweka mbele kabisa, zile mbili za kichwa zinapita 18. Inakaa katikati, kwenye twistiloki za kati. Mwambie mwenye kreni kabla hajaachia, kwa sababu ukishatoka geti hakuna wa kukuinulia bure. Uliza kampuni: nikikamatwa Mariakani kwa ekseli, kuhamisha mzigo na faini ni juu ya nani, na siku zile ninazokaa pale posho inaendelea?

Sasa uamuzi. Mimi nasema A. Mwaka mmoja wa mjini unarudi nyuma na trela mara tatu au nne kwa siku kwenye CFS za kubanana, unajua karatasi za bandari, unajua kontena mbovu kwa kuitazama. Dereva wa Kampala anarudi nyuma mara mbili kwa wiki.

MzeeWaMariakani
Hapo tunaachana, Twistiloki. Mjini wanalipwa kwa kontena, na anayelipwa kwa kontena hujifunza pupa. Anaacha kufunga twistiloki kwa sababu Changamwe ni karibu. Ukimpeleka mteremko baada ya mwaka anabeba tabia hizo. Na mlima haujui: kutoka usawa wa bahari hadi Timboroa zaidi ya mita 2,700, gia hizo hujifunzi Kibarani.

Kama B wangekuwa na mshahara wa haki na wangempanda na dereva mzoefu kwa tripu mbili tatu za kwanza, ningesema B bila kusita. Waulize hilo. Kampuni inayompa mgeni Malaba peke yake siku ya kwanza haijali gari yake, itakujali wewe?

BiKarani
Mzee, kwa A jambo hilo linapimika. 150 kwa kontena juu ya 38,000 ni kichocheo kidogo. Kontena tatu kwa siku, siku 26, ni 11,700. Mtu hatauza roho. Mshahara ungekuwa 10,000 na kontena 800, hapo pupa ni lazima.

ChaaniCE
Nimewapigia wote. Majibu haya hapa.

C: kuhusu saa ya kufika Nairobi amesema "alfajiri ukiwa mwanamume". Bima ya majeraha: "tutaelewana".

B: posho ni ya tripu. Lita 860 kwa kila gari, mzigo wowote. Dereva wa kunisindikiza hakuna.

A: bima wametaja jina. Mafuta ya mjini kipimo ni kwa kila gari, wanajaza shingoni Jumamosi. Kitabu cha kasoro kipo. Mkataba ni miezi mitatu ya majaribio, ila una ile sentensi ya "hasara yoyote".

HakiKazini
Hiyo sentensi waombe waongeze maneno matatu: "iliyosababishwa kwa makusudi". Wakikubali waandike kwa kalamu pembeni, nyote mtie saini pale pale, na nakala uondoke nayo siku hiyo hiyo. Wakikataa, saini kama kazi unaihitaji, lakini jua kuwa kifungu cha 19 hakifutwi na mkataba. Na chama cha madereva wa masafa marefu kiko hapa hapa mjini, jiandikishe mapema, si siku ya kesi.

ChaaniCE
Mtihani wa A ni Jumatatu. Wamesema kurudi nyuma hadi rampu ya CFS, kontena ya 40.

Twistiloki
Ingia ukiwa na rampu upande wako wa dereva, uione kwa dirisha, kioo cha upande wa pili kinadanganya. Pita mbele ya rampu, nyoosha gari na trela liwe mstari mmoja kabla ya kuanza. Usukani unauzungusha kinyume cha unakotaka mkia uende, kidogo tu, na unaufuata mapema kabla trela halijakunjika. Likikunjika sana usipambane nalo, songa mbele mita kumi unyooshe. Kusonga mbele hakukukati alama kwa mpimaji mwenye akili. Kugonga nguzo kunakukata. Mita tano za mwisho simama, vuta breki ya mkono, shuka, nenda nyuma ukatazame kwa miguu yako.

FundiBreki
Na viatu vya chuma, koti la kung'aa na helmeti uende navyo. Bila hivyo unarudishwa getini hata gari hujaiona.